WACHENI WACHEZAJI WACHOKE

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuingia katika ukumbi wa gemu pale Kawangware. Lau wangeingia, wangejionea maajabu. Mshambulizi anakimbia tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, hapumui, hashiki kiuno, wala ukingo wenyewe haufiki. Dakika ya 89 ana mbio zile zile alizokuwa nazo dakika ya kwanza. Na benchi je? Wachezaji wa akiba wamekaa pale kama mapambo ya sebuleni.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu jambo ambalo huenda baadhi ya walimu wetu wataliona dogo, nalo ni mipangilio ya gemu ya kandanda, ile ambayo sisi tunaiita setingi. Wanafunzi wenzangu wanajua kwamba jambo hili si dogo hata kidogo. Kila siku ya vyama tunapoandaa mashindano ya gemu hapa shuleni, watu nusura washikane mashati kwa ajili ya setingi. Nami nasema wazi tangu mwanzo, ili asiwepo wa kudai kwamba hakunielewa: uchovu urudishwe katika gemu, na benchi ifunguliwe. Anayecheza bila ya mambo hayo mawili anacheza kitu kingine, si kandanda.

Kabla sijaendelea, niwaondolee walimu wasiwasi. Simtetei mwanafunzi anayeacha vitabu vyake akaenda kumaliza nauli kwenye skrini. Hilo ni kosa, na sina haja ya kulirembesha. Nazungumzia mchezo wenyewe, kwa maana hata mchezo una adabu zake.

Tuanze na hali ilivyo mitaani. Ukitoka mjini kwa matatu ya 46 kuelekea Kawangware, au ukipanda ya 23 ukashukia Kangemi, hukosi kuviona vyumba vidogo vyenye pazia mlangoni na kelele ndani. Mitambo mingi ya humo imenunuliwa kule katikati ya jiji, Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Baadhi ya vyumba vina matoleo mapya na vingine vingali na PES ya kitambo, ijapokuwa Konami ilibadilisha jina hilo likawa eFootball mwaka wa 2021, nayo FIFA ya EA Sports ikaitwa FC kuanzia mwaka wa 2023. Majina yamebadilika lakini sisi bado tunasema "twende tupige FIFA." Mazoea yana taabu.

Sheria za vyumba hivyo karibu zote zinafanana. Anayepigwa ndiye anayelipa. Aliyeshinda anabaki na padi mkononi. Mechi ni fupi, kwa sababu nje kuna watu wanangoja. Majeruhi wamezimwa. Hali ya wachezaji imepandishwa hadi juu kabisa kwa timu zote mbili. Tena kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote lakini inajulikana kuliko zote, kwamba hakuna kusimamisha mechi. Jaribu tu kuomba.

"Ngoja kidogo nimtoe huyu, amechoka."

"Cheza bwana! Hapa hakuna kungoja. Si unaona watu wako kwa laini?"

Basi ndivyo mchezaji wa akiba anavyonyimwa haki yake. Mtambo unamruhusu aingie, ila wenye ukumbi hawana dakika ya kumpa.

Sasa tutazame namna uchovu unavyofanya kazi ndani ya gemu, maana wengi hulalamika kuhusu kitu wasichokijua. Kila mchezaji amepewa alama ya ustahimilivu. Mwenye alama nyingi hukawia kuchoka na mwenye chache huchoka mapema. Mechi inapoendelea, nguvu zake hupungua, na kila unapobana kitufe cha mbio hupungua kwa haraka zaidi. Nguvu zikiisha, mwendo unazorota, anachelewa kuufikia mpira, na anakuwa mzito mbele ya mlinzi aliyeingia sasa hivi. Hapo ndipo mwenye padi anapotakiwa kufikiri kama kocha. Nimtoe? Nimwache kwa kuwa ndiye anayejua kufunga? Nikimtoa sasa, nitafanya nini tukienda dakika za ziada?

Si kila toleo lina swichi moja iliyoandikwa uchovu. Hata hivyo uchovu unaweza kushikwa kwa njia nne, nazo ni muda wa mechi, hali ya wachezaji, majeruhi, na idadi ya mabadiliko. Katika PES unaweza kuchagua hali ya wachezaji iwe bora kwa wote, au uiache ijiamulie yenyewe, mmoja aje na mshale unaotazama juu na mwenzake aje na unaotazama chini. Ile ya kujiamulia ndiyo inayotufanya tuitazame benchi kabla mechi haijaanza. Nyota wako akija na mshale wa chini, utamwanzisha kwa jina lake tu? Ukiweka hali bora kwa wote, swali hilo linakufa, na kazi ya kocha inakufa nalo.

Njia iliyo na nguvu kuliko zote ni muda. Hebu tupige hesabu, tena ya darasa la chini tu. Dakika 90 za uwanjani zikiminywa ziingie katika dakika 10 za ukumbini, basi sekunde moja ya kidole ni sekunde 9 za saa ya uwanjani. Ukibana kitufe cha mbio kwa sekunde 6, saa ya uwanjani itasema kwamba mchezaji wako amekimbia kwa kasi kamili sekunde 54. Hakuna binadamu wa hivyo. Sasa minya zaidi, mechi iwe dakika 5. Sekunde moja inakuwa 18, na zile 6 zinakuwa 108. Halafu mechi inakwisha kabla mshambulizi hajakimbia mara za kutosha kuchoka! Ndiyo maana katika mechi fupi uchovu hauonekani hata kama haukuzimwa. Ukirefusha mechi, mbio zinakuwa nyingi, nguvu zinapungua, na benchi inapata kazi.

Kuna wanaosema, "Lakini mpira wa kweli ulianza bila mabadiliko, na watu walicheza." Ni kweli walicheza, ila tujikumbushe walichezaje. Mwaka wa 1965 katika fainali ya Kombe la FA kule Uingereza, Gerry Byrne wa Liverpool alivunjika mfupa wa bega dakika za mwanzo. Hapakuwa na ruhusa ya kumwingiza mwingine. Akacheza na mfupa huo uliovunjika mpaka dakika 120 zikaisha, na Liverpool ikaifunga Leeds mabao 2 kwa 1. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia la 1966, Pelé wa Brazil alipigwa na walinzi wa Ureno akabaki uwanjani anachechemea, kwa kuwa sheria haikuruhusu mtu wa kumpokea. Huo ndio mpira bila benchi.

Wenye mpira wenyewe waliona kwamba hilo haliwezekani. Ligi ya Uingereza ilianza kuruhusu mchezaji mmoja wa akiba, tena kwa ajili ya majeruhi tu, katika msimu wa 1965/66. Kombe la Dunia liliruhusu wawili mwaka wa 1970. Watatu wakaruhusiwa mwaka wa 1995. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka wa 2020, mechi zikarundikana, na idadi ikapandishwa hadi watano kwa muda. Mwaka wa 2022 watano wakaingizwa katika sheria moja kwa moja. Kwa hivyo kwa muda wa miaka zaidi ya 50 sheria imekuwa ikienda upande mmoja tu, upande wa kukubali kwamba binadamu huchoka na mwenzake anaweza kumpokea. Ukumbi unaokataza mabadiliko umerudi mwaka wa 1965, tena bila kujua.

Nikitafuta mfano wa mchezaji wa akiba, sina haja ya kwenda mbali. Nitamtaja Divock Origi, ambaye alizaliwa na kuichezea Ubelgiji lakini damu yake ni ya hapa kwetu. Baba yake, Mike Okoth, alikuwa mshambulizi wa Harambee Stars. Ami yake, Austin Oduor, alikuwa nahodha wa Gor Mahia ilipotwaa kombe la Afrika la washindi wa vikombe mwaka wa 1987, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na sare ya 1-1 hapa Nairobi. Katika Kombe la Dunia la 2014, Origi alikuwa benchini Ubelgiji ilipokutana na Urusi. Aliingia kipindi cha pili kumpokea Romelu Lukaku, na dakika ya 88 akafunga bao la pekee la mechi hiyo. Miaka mitano baadaye, katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya 2019, Liverpool dhidi ya Tottenham, alianza tena benchini. Akaingia. Dakika ya 87 akafunga bao la pili na kuimaliza kazi.

Mwaka huo huo wa 2014, Mario Götze aliingia dakika ya 88 ya fainali ya Kombe la Dunia akaifungia Ujerumani bao la ushindi dakika ya 113. Mwaka wa 1999 Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær, wote wawili wa akiba, waliipa Manchester United kombe dakika za majeruhi mbele ya Bayern. Sasa niambieni, ni nani kati ya mabwana hawa angefunga bao katika chumba chetu cha Kangemi? Hakuna. Wangekaa pale wakitazama mpaka mwenye ukumbi azime stima.

Wala tusisahau ya juzi juzi hapa Kasarani. Tarehe 10 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Harambee Stars ilikuwa inaongoza Moroko kwa bao la Ryan Ogam. Kabla ya mapumziko Kenya ikapoteza mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili vijana wetu walicheza wakiwa 10 dhidi ya 11, na bao halikurudishwa. Waliotazama mechi ile wanajua walikuwa wanatazama nini. Walikuwa wanatazama uchovu ukipigwa vita. Kila mpira uliookolewa ulikuwa na thamani kwa sababu miguu ilikuwa mizito. Zima uchovu katika mechi ile, nawe utakuwa umeuzima utamu wake wote. Ushindi ule ungekuwa hesabu tu ya 1-0.

Labda msomaji anajiuliza, kwani shida iko wapi? Gemu ni gemu. Hapa ndipo ninapoomba masikio ya wote, walimu pia. Setingi za ukumbini zimeanza kutoka nje na kuingia uwanjani kwetu. Muhula uliopita katika mechi za madarasa kulikuwa na winga mmoja aliyeshikwa na mkakamao wa msuli kipindi cha pili. Akainua mkono kuomba atolewe. Je, wenzake walimwambiaje? "Wacha woga! Kimbia!" Na mmoja wa mashabiki akapaza sauti, "Bonyeza mbio!" Watu wakacheka. Yule winga akabaki, anachechemea, na bao la kutufunga likapitia upande wake. Wakati huo wote kulikuwa na wenzetu watatu pembeni, viatu vimefungwa kamba, wamejinyoosha tangu mapumziko, wakingoja jina lao liitwe. Halikuitwa. Baada ya mechi lawama zote zikamwangukia winga.

Huyo si mtu wa kwenye skrini. Hana kitufe. Misuli yake ni ya nyama, na Nairobi hii iko mita kama 1,700 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyepesi na anayetoka pwani hulihisi jambo hilo kifuani siku ya kwanza tu. Mchezaji wa kiungo katika mpira wa kulipwa hukimbia kilomita 10 na zaidi kwa mechi moja, naye ana daktari, ana chakula maalum, ana siku za kupumzika. Mwanafunzi wetu ana githeri na kitanda cha bweni. Juu ya hayo, mashindano ya shule za upili huchezwa kwa siku chache mfululizo, leo mechi na kesho mechi. Timu inayowatumia wale wale 11 bila kupumzisha mtu hufika nusu fainali miguu ikiwa ya mbao. Kisha tunasema tumerogwa!

Na kuna jeraha jingine lisiloonekana, la yule aliye benchini. Anaamka alfajiri kufanya mazoezi sawa na wenzake. Anabeba mipira. Anafua jezi. Lakini tumejifundisha kwamba benchi ni aibu, ni mahali pa wasiojua. Muhula wa pili anaacha mazoezi, na hakuna anayeuliza alikwenda wapi. Sisemi kwamba gemu peke yake ndiyo iliyoleta tabia hii. Nasema kwamba mtu akicheza mechi mia moja ambazo ndani yake hakuna anayechoka wala anayepokewa, atakuja uwanjani akiamini kwamba kuchoka ni uzembe na kupokewa ni fedheha.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu, maana najua wameshakunja ngumi.

Hoja ya kwanza ni ya mwenye ukumbi: muda ni pesa. Hii ni hoja ya haki, siidharau. Tuchukue mfano. Akitoza shilingi 20 kwa mechi ya dakika 6, kwa saa moja skrini yake inampa mechi 10, yaani shilingi 200, tusipohesabu muda wa kuchagua timu. Mechi zikiwa za dakika 10 atapata mechi 6, yaani shilingi 120. Ili asipate hasara itabidi atoze shilingi 33 na ushee. Stima hailipwi kwa maneno matamu, na mfuko wa mwanafunzi tunaujua. Kwa hivyo sitamwambia mwenye ukumbi abadilishe muda. Nitamwomba jambo lisilogharimu hata ndururu: aiache hali ya wachezaji ijiamulie yenyewe, na awape watu nafasi ya kupanga benchi wakati wa mapumziko. Lakini hapa shuleni siku ya vyama hakuna anayelipa kwa mechi. Hoja ya pesa haina pa kusimama.

Hoja ya pili: kusimamisha mechi kunaudhi, na wajanja husimamisha makusudi mpinzani anapokaribia kufunga. Ni kweli, tabia hiyo ipo na inakera. Lakini sheria ya kandanda yenyewe imekwisha kulitatua jambo hili. Timu inaruhusiwa kuingiza wachezaji 5, ila isisimamishe mchezo zaidi ya mara 3 kwa ajili hiyo, mbali na wakati wa mapumziko. Tuichukue sheria hiyo kama ilivyo. Mara 3 tu, tena mpira ukiwa umetoka nje. Ukizimaliza, shauri yako.

Hoja ya tatu: mabingwa wetu watapoteza ladha ya mbio. Hapa nitasema bila kuficha. Bingwa ambaye ubingwa wake ni kubana kitufe kimoja na kumtegemea mshambulizi mmoja mwenye mbio ni bingwa wa kidole, si wa kichwa. Tumrudishie uchovu tuone kama bado atakuwa bingwa. Akiwa bado bingwa, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. Na yule ambaye hana vidole vyepesi lakini ana akili ya kusoma mechi atapata njia ya kushinda. Je, si hilo tunalolitaka shuleni?

Basi napendekeza kwa kamati ya siku ya vyama haya yafuatayo. Kwanza, kila mechi iwe ya dakika 10 kwa jumla, au inayokaribiana na hiyo kadiri mtambo unavyoruhusu. Pili, majeruhi wawashwe. Tatu, hali ya wachezaji ijiamulie yenyewe kwa timu zote mbili. Nne, mabadiliko yawe 5, kwa mara 3 na wakati wa mapumziko. Tano, setingi ziwekwe na mwalimu msimamizi au mwanafunzi asiyeshiriki, zisomwe kwa sauti mbele ya wote, na asiziguse mtu tena mpaka fainali. Ugomvi mwingi tulioushuhudia ulizuka kwa sababu setingi zilibadilishwa kati ya mechi moja na nyingine.

Kwa nahodha wa timu ya kweli nina ombi moja tu. Mchezaji akiinua mkono kuomba kutolewa, atolewe. Asiulizwe mara mbili, wala asichekwe. Na anayeingia apigiwe makofi kama yule anayetoka.

Shime, wanafunzi wenzangu! Kuinua mkono ukiwa umechoka si unyonge, na kuingia dakika ya 87 si kuokota makombo. Timu haina watu 11. Ina kila aliyevaa jezi.